Mwanzia Anacheza Ghala

Mwanzia Nzau ni mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu. Katika nchi ambazo maneno hayo yana maana, mtu wa namna hiyo hulipwa ili acheze. Nairobi tuna utaratibu wa heshima zaidi: mchezaji huandikwa kazi ya ukarani, halafu huombwa kwa adabu asiikaribie meza yake. Kwa miaka kumi na mmoja Mwanzia alikuwa karani wa ghala katika kiwanda cha rangi kiitwacho Mng'aro, eneo la viwandani. Ghala lenyewe aliliingia mara chache, hasa mvua iliponyesha.

Lawama zote ni za mifupa yake. Alizaliwa mtaa wa Ziwani, katika zile nyumba za zamani zilizojengwa na watu walioamini kwamba Mwafrika hana haja ya kusimama wima. Baba yake, dereva wa lori la jiji, alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, na kwa muda mrefu alimtazama mwanawe kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuuagiza. Mama yake, Ndindi, alikuwa na tatizo la karibu zaidi, nalo ni viatu. Kijana alipofika darasa la saba, hakuna duka lililokuwa na kiatu cha kumwingia, kwa hiyo alipelekwa soko la Kariokor kwa fundi wa akala, Mkamba mwenzao. Fundi aliupima mguu, akautazama tena, kisha akauliza kama wanataka tairi la gari dogo au la lori.

Ni kwa akala hizo za tairi la lori Mwanzia alianza kurusha mpira, kwenye uwanja wa saruji uliokuwa na ubao mmoja. Ubao wa pili ulikuwa umekwisha kuwa mlango wa banda la kuku la mtu. Akala zilimfunza nidhamu ambayo hakuna kocha angeweza kumfunza: ukitua vibaya, unateleza hadi mtaa wa Starehe. Hata hivyo hakuogopa kuanguka. Mpira ukimponyoka mwenzake na kukimbilia nje, Mwanzia alikuwa akijirusha kifudifudi juu ya saruji, urefu wake wote, na kuurudisha uwanjani kabla hajatua. Watu walikuja kutoka mitaa ya jirani kuliona jambo hilo tu. Wakamwita Kreni, ingawa hakuna kreni inayojiangusha kwa hiari.

Ndindi hakuvutiwa. Katika kikundi cha akina mama kanisani, mtoto wa mmoja alikuwa anafundisha, wa mwingine anachonga vinyago na kuuza kwa watalii, na wake, akiwa na miaka ishirini na mitatu, anacheza. Neno hilo halina utetezi. Kwa hiyo Mng'aro ilipomwandika Mwanzia, mama alisimama mbele ya waumini kutoa shukrani, akautaja ukarani mara nne, na mpira hakuugusa. Mungu, bila shaka, alikuwa na habari.

Ukarani huo una historia yake. Ligi ya makampuni ina kanuni moja takatifu: mchezaji lazima awe mfanyakazi wa kampuni anayoichezea. Iliwekwa ili makampuni yasikodi watu warefu kutoka mitaani, bali yacheze na makarani wao halisi, wafupi kwa warefu. Makampuni yaliipokea kanuni kwa moyo safi. Yakaenda mitaani, yakawatafuta watu warefu, na kuwafanya makarani.

Ghala la Mng'aro lilikuwa na mwenyewe, naye ni Jackton Okoth, mtu mnene wa hamsini na kitu, mtoto wa mfanyakazi wa reli, ambaye hajawahi kudundisha mpira mara tatu mfululizo bila kuupoteza. Aliupenda mchezo huo kama watu wanavyopenda vitu ambavyo haviwezi kuwapenda. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi ya watu wawili, yake na ya Mwanzia, na Jumamosi akavaa suti na kukaa nyuma ya kikapu. Mwanzia alipojaribu kumshukuru, Jackton alimkatiza.

"Omera, ndugu yangu, kazi yangu ni kutoa rangi. Kazi yako ni kunitoa aibu. Nenda mazoezini."

Sasa Mwanzia ana miaka thelathini na minne. Anaishi mtaa wa Pipeline, orofa ya sita, na mkewe Mbinya, ambaye ni fundi cherehani, na binti yao Eve. Jengo halina lifti, na goti lake la kulia linaifahamu kila ngazi kwa jina. Heshima ya nyota anaipata kikamilifu: majirani humwita kufunga kamba za nguo, kubadilisha balbu za ukumbini, na kumshusha paka wa mama wa orofa ya nne kutoka juu ya tangi. Kazini mambo yalikuwa mazuri hadi alipokuja Mureithi.

Mureithi aliletwa kuwa meneja wa wafanyakazi. Shuleni alipata A katika Kiswahili, na tangu siku hiyo hajamsamehe mtu ambaye hakuipata. Aliwakusanya watu uani akatangaza mambo mawili. Kwanza, timu ya mpira itafungwa msimu ukiisha, kwa kuwa kampuni inauza rangi na wala haiuzi vikapu. Pili, kila mfanyakazi ataitwa ofisini aeleze kwa mdomo wake kazi anayoifanya. Asiyeweza kueleza ataenda kutafuta kazi anayoweza kuieleza.

Jioni hiyo Mwanzia alimsimulia mkewe habari hizo. Mbinya aliusimamisha mguu wake juu ya cherehani.

"Baba Eve, kwani wewe huko kazini unafanya nini?"

"Si unajua. Nacheza."

"Hiyo najua. Nauliza kazi."

Mwanzia akafikiri. "Kuna meza," alisema mwishowe.

"Umeikalia?"

"Ni fupi."

Mbinya hakucheka. Mume hana cheti cha ufundi wowote, goti limebakiza msimu mmoja kama Mungu akipenda, na hakuna kampuni inayotafuta mtu wa miaka thelathini na minne wa kushusha paka. Isipokuwa ukarani huo wa jina na cherehani, familia haikuwa na kitu cha kuegemea. "Basi nenda ukajifunze hiyo kazi," alimwambia, "kabla hawajakufukuza kwa ajili yake."

Alikwenda kwa Jackton. Walikuwa na juma moja kabla ya zamu yake ya kuitwa ofisini. Mzee alifunga dirisha la kutolea rangi mapema, akamsimamisha mwanafunzi wake katikati ya makopo.

"Hii ni nini?"

"Rangi."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe gani, omera? Kuna nyeupe ya dari, nyeupe ya mbao, nyeupe ya chuma, na nyeupe ya mteja asiyejua anachotaka."

"Hiyo ya mwisho inakaa wapi?"

"Inakaa dirishani ikinipigia kelele. Rudia."

Alirudia, akakosea. Siku ya kwanza ilipita hivyo, na ya pili. Siku ya tatu Jackton aligundua kwamba kichwa cha Mwanzia, kama baadhi ya vyombo vya ng'ambo, hufunguka kwa kifaa kimoja tu. Akabadilisha lugha.

"Sikiza. Madebe mazito yanacheza ndani, chini, karibu na ukuta. Makopo mepesi yanacheza nje. Rangi ya zamani inaanza mechi, mpya inakaa benchi mpaka ya zamani itoke. Tina, haya mafuta ya kulainishia rangi, inashika moto upesi. Inacheza wapi?"

"Kona. Peke yake."

"Kwa nini?"

"Haina adabu. Ikiguswa kidogo inalipuka, kama Muoki."

Muoki ndiye aliyekuwa akiipangia timu mashambulizi, na kwenye karatasi alikuwa karani wa mauzo. Jackton alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Juma lilipoisha, Mwanzia angeweza kufumba macho na kusema kila kopo linacheza wapi na linatoka lini. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu anaweza kuijua kazi yake kwa juma moja baada ya kuifanya kwa miaka kumi na mmoja.

"Na wewe unacheza wapi?" Jackton alimuuliza kwa mara ya mwisho.

"Nyuma, na madebe."

"Na mimi?"

"Mbele, dirishani."

"Safi kabisa. Ukiulizwa, sema hivyo hivyo. Usiongeze neno."

Hakuongeza.

"Bwana Mwanzia," Mureithi alianza, baada ya kumwonyesha kiti ambacho magoti yake yalikikataa, "nieleze kazi yako."

"Nacheza ghala, bosi."

Kalamu ya Mureithi ilisimama. "Unacheza?"

"Ndiyo."

"Ghalani?"

"Ndiyo. Nacheza nyuma, na madebe. Mzee Jackton anacheza mbele."

"Mnacheza wawili."

"Mzigo ukiwa mwingi tunaita mtu wa benchi."

"Na hiyo tina, inayoshika moto, mnacheza karibu nayo?"

"Hapana, bosi," Mwanzia alisema kwa fahari, maana swali hilo alilijua. "Tina inacheza kona, peke yake."

"Mmecheza hivyo tangu lini?"

"Miaka kumi na mmoja. Kila siku isipokuwa Jumapili."

Haki itendeke. Mwanzia alikwenda katika ofisi ile kusema uongo, kwamba alikuwa amefanya kazi miaka yote hiyo. Alijiandaa kwa uongo huo kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha katika jambo lolote la ukarani. Lakini ulimi ulikuwa na mazoea yake, na alipoufungua, ukatoa ukweli mtupu. Mureithi naye hakuonea mtu. Alimsikia mfanyakazi akikiri, bila kulazimishwa, kwamba amecheza ghalani tangu aajiriwe, akamfukuza kwa kosa la kucheza na kazi. Kwa Kiswahili kile cha alama ya A, hukumu haikuwa na dosari.

Muoki aliitwa baada yake. Meza yake hakuwahi kuiona. Aliamini iko orofa ya kwanza. Alipoulizwa, alisema anaratibu mtiririko wa mawasiliano baina ya idara kwa kuzingatia mahitaji ya wateja. Mureithi alimpa mkono.

Jackton alipanda ngazi kwenda kumtetea kijana wake. "Ni lugha tu, bwana meneja. Alimaanisha kufanya kazi."

"Basi nieleze, mzee. Jumatano iliyopita alifanya kazi gani?"

Jumatano iliyopita Mwanzia alikuwa anajifunza majina ya rangi nyeupe, na Jumatano zote za nyuma yake alikuwa mazoezini, na kazi yake ilifanywa na mtu ambaye sasa alikuwa amesimama hapo akiulizwa. Jackton akashuka ngazi.

Mambo yangeishia hapo kama timu isingekuwa na tabia mbaya ya kushinda. Mng'aro ilikuwa imefika fainali, dhidi ya kampuni ya biskuti, na Bi Norah, mkurugenzi mkuu, alikuwa amekwisha kuamuru rafu iliyo kwenye mapokezi ipanguswe vumbi kwa ajili ya kombe. Alishuka kuwatazama vijana wakifanya mazoezi.

"Yule mrefu yuko wapi?" alimuuliza kocha.

"Amefukuzwa, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa kucheza."

Bi Norah alidhani ni mzaha, akasubiri kicheko kije. Hakikuja. Alimwita Mureithi, na ndipo ile kanuni takatifu ya ligi ilipoketi kati yao kama mkwe asiyealikwa. Asiyekuwa mfanyakazi hachezi. Ili Mwanzia acheze, ilibidi awe karani. Aliyefukuzwa ukarani kwa kucheza ilibidi arudishwe ukarani ili acheze. Inasemekana Mureithi aliomba maji.

Simu ya kumwita ofisini ilimkuta Mwanzia Pipeline, amesimama juu ya ndoo akimtengenezea mtu waya wa televisheni. Mbinya alimpigia pasi shati.

"Watakusifu sana," alimwambia. "Watasema kombe, watasema kampuni, watasema bila wewe hakuna. Wewe sikiliza tu. Usirudi hapa na kombe, Baba Eve. Rudi na kazi."

Ofisini Bi Norah alisifu sana. Akasema ataandikwa tena, mpaka Jumamosi jioni.

"Hapana, mama," Mwanzia alisema. "Niandikwe karani wa kubaki. Timu ikifungwa, mimi nibaki ghala."

"Ukicheza nini?" Mureithi aliuliza.

Mwanzia alilichagua neno kama mtu anayevuka barabara kuu. "Nikifanya kazi," alisema.

Bi Norah alikubali, kwa sababu rafu ilikuwa imekwisha kupanguswa. Mureithi alikubali pia, lakini akaweka sharti lake: miezi mitatu ya majaribio, kuanzia Jumatatu, na siku moja asipofika, hata kwa homa, hata kwa goti, itahesabiwa ameacha kazi mwenyewe. Alilitamka neno goti taratibu, akiliangalia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ziwani ilikuja nzima, na upande wa pili walikuja watu wa biskuti na sampuli za bure. Jackton alikuwa nyuma ya kikapu, ndani ya suti, amekaa ukingoni mwa kiti. Hii ilikuwa mechi ya mwisho ya timu hiyo, na kwa hesabu yake, ya mwisho ya maisha yake kama shabiki wa kitu chochote.

Mwanzia alicheza vizuri. Lazima lisemwe hilo. Alisimama mahali panapofaa, alinyoosha mikono, alifunga vikapu vya karibu. Ila kila aliporuka, aliruka kama mtu anayevuka dimbwi na viatu vipya. Watu wa Ziwani waliliona kabla ya mapumziko.

"Niaje Kreni, leo umekula nini, mbona huruki?" mmoja alipaza sauti.

"Muache, anawapima kwanza!"

"Anapima nini, buda? Mechi ni leo!"

Robo ya nne ilikuwa inakwisha, Mng'aro wakiwa nyuma kwa pointi moja. Zilikuwa zimebaki sekunde chache Muoki alipojaribu kupenya katikati ya watu wawili, mpira ukamponyoka, ukaanza kukimbilia nje upande wa kikapu cha Jackton. Ulidunda polepole, bila haraka, kama wenye muda wa kusubiri. Mwanzia ndiye aliyekuwa karibu. Ukumbi ulisimama. Kila mtu kutoka Ziwani alijua kitakachofuata, kwa sababu alikuwa amekiona tangu enzi za saruji: mtu mrefu hewani, kifudifudi, mkono umenyooka, na mpira unarudi. Sakafu hii ilikuwa ya mbao. Ilikuwa rahisi zaidi.

Mwanzia alipiga hatua mbili. Mguu wa kulia ukakunjika tayari kwa kuruka. Halafu akaunyoosha, akasimama, akausindikiza mpira kwa macho mpaka ulipovuka mstari, kama unavyomsindikiza mgeni hadi langoni.

Uliviringika ukagonga viatu vya Jackton. Mzee hakuuokota.

"Aaa, Kreni! Stima imepotea, umezimika?"

"Okota basi! Ama unangoja lifti?"

Kampuni ya biskuti ilichukua kombe. Kocha alimkuta Mwanzia kwenye benchi, akifungua kamba za viatu kwa utulivu wa mtu aliyemaliza zamu.

"Ule mpira," kocha alisema. "Ule mpira, Mwanzia. Ulikuwa wako."

"Jumatatu niko kazini, kocha."

Katika ukumbi mzima ni Mureithi peke yake aliyeridhika. Alikuja kwa kulazimishwa, hajui tofauti ya kikapu na kapu, lakini alitambua alichokiona: mfanyakazi anayeweka kazi mbele ya mchezo. Alitikisa kichwa kukubali, labda kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Bi Norah aliagiza rafu ya mapokezi iwekwe maua. Na timu ilipofungwa rasmi, ikagundulika kwamba mawasiliano baina ya idara yanatiririka vizuri tu bila mtu wa kuyaratibu, na Muoki akaenda kuratibu kwingine.

Jumatatu Mwanzia alifika kiwandani kabla ya askari wa lango kumaliza chai. Goti lilikuwa zima. Alivaa koti la ghala, ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko, akaenda nyuma kwenye madebe, akaanza kuipanga rangi ya zamani mbele na mpya nyuma, jinsi alivyofundishwa. Hakukosea hata moja.

Jackton aliingia, akatundika kofia yake, akafungua dirisha. Hakusalimu. Walifanya kazi hivyo, mmoja mbele na mmoja nyuma, hadi jua lilipoingia mlangoni.

"Mzee," Mwanzia alisema hatimaye. "Nina mtoto."

"Najua una mtoto."

"Goti lingekwenda ningefanya nini?"

"Sijakuuliza." Jackton alikuwa amempa mgongo, anafuta kopo ambalo lilikuwa safi. "Umefanya vizuri. Hata mimi ningekuwa mkeo ningekwambia hivyo hivyo." Akaliweka kopo chini. "Lakini miaka kumi na mmoja, omera, nimekufanyia kazi yako ili ucheze. Nilidhani siku moja, moja tu, utanichezea mimi."

Nje lori lilikuwa limerudi nyuma hadi mlangoni, na dereva wake, kijana mchangamfu kutoka kiwanda cha pili, aliingiza kichwa dirishani kuchukua mzigo.

"Mzee Jackton! Habari ya wikendi? Mimi nilikuwa safari, sikusikia. Hebu nipe stori, fainali ilikuwaje?"

Jackton alivuta debe la kwanza, akalisukuma juu ya kaunta.

"Sikwenda," alisema. "Weka sahihi hapa."

Nyuma, Mwanzia aliinama, akaliinua debe lililofuata, akamletea.